Moyo, Roho na Fahamu: Al-Inkishafi Mbele ya Sayansi ya Ubongo

Utangulizi

Utenzi wa Al-Inkishafi, alioutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kwa lahaja ya Kiamu, umehakikiwa kwa njia mbili hasa. Njia ya kwanza ni ya dini. Wanaoifuata huuona utenzi kuwa mawaidha ya Mwislamu anayejikumbusha mauti na kuipa dunia kisogo. Njia ya pili ni ya historia na uyakinifu. Wanaoifuata huusoma utenzi kuwa maombolezo ya tabaka la mamwinyi wa Pate, ambao mali yao ilitoka baharini na kwa jasho la watumwa, na ambao nguvu zao zilififia, hususan baada ya vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19. Kila njia ina haki yake. Hata hivyo, zote mbili hulipita kwa haraka jambo lililo mbele ya macho ya kila msomaji, yaani kwamba utenzi ni maneno ya mtu anayesema na moyo wake mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo. Sababu ni mbili. Kwanza, swali la jinsi mtu anavyojitambua ndani mwake halimo tena mikononi mwa wanadini na wanafalsafa peke yao. Limekuwa uwanja wa wataalamu wa ubongo, na tayari wako wanaodai kwamba sayansi imethibitisha waliyoyasema masufii, au kwamba imeyafuta. Pili, ikiwa Kiswahili kitafundishiwa saikolojia, tiba na falsafa, hapana budi maneno yake ya mambo ya ndani yajulikane uzito wake kabla hayajageuzwa kuwa istilahi. Inadaiwa hapa kwamba Al-Inkishafi haiithibitishi sayansi wala haipingani nayo. Utenzi huu na maabara hukutana mahali pamoja tu, nako ni kwenye ushahidi wa mtu juu ya yale anayoyaona ndani yake. Na hapo hapo ndipo vinapoachana.

Moyo si Roho

William Hichens alipouchapisha utenzi huu mwaka 1939 aliupa kwa Kiingereza jina la nyongeza lenye maana ya kuzinduka kwa roho. James de Vere Allen naye, katika toleo lake la mwaka 1977, aliuita katekisimu ya roho. Yafaa ikubaliwe kwamba neno la Kiingereza walilolitumia ni pana, na laweza kubeba nafsi pamoja na roho. Lakini mtunzi hakusema na roho, wala hakusema na nafsi. Alisema na moyo, na uteuzi huo una maana.

Ushahidi wa kwanza ni wa lugha yenyewe. Katika Kiswahili roho hukatwa na hutolewa. Mtu akikata roho amekufa. Moyo huvunjika, hutiwa, hupigwa konde, na mwenye moyo uliovunjika bado yu hai na aweza kutiwa moyo tena. Nafsi humsuta mwenyewe. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Fahamu humpotea mgonjwa na humrudia azindukapo. Kwa hiyo roho ni uhai unaokuja na kuondoka. Fahamu ni hali ya kuwa macho. Akili ni kipawa cha kupima. Nafsi ni mtu mwenyewe anapojigeukia. Moyo ndio unaoelekea huku au kule, unaopenda, unaokusudia na unaoficha. Wahenga waliposema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, hawakuwa wakizungumzia pumzi yake wala werevu wake. Walizungumzia yale ambayo hakuna awezaye kuyaona kwa niaba yake.

Ushahidi wa pili umo katika utenzi. Baada ya dibaji, mshairi anaugeukia moyo wake na kuuliza kwa nini hauzingatii, ilhali husemwa kuwa ni mwelevu wa kuchagua. Mbona basi unafuata njia zenye kutatiza? Swali hilo haliwezi kuulizwa roho kwa maana yake ya kawaida, kwa sababu roho haichagui. Laulizwa moyo, kwa kuwa moyo ndio wenye hiari. Utenzi mzima umejengwa juu ya hiari hiyo.

Ushahidi wa tatu ni wa mapokeo ya elimu ya Kiislamu ambayo mtunzi, sharifu na mwanachuoni, aliishi ndani yake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kizima katika Ihya Ulum al-Din juu ya maajabu ya moyo. Anakianza kwa kueleza maneno manne: moyo, roho, nafsi na akili. Kila moja, asema, lina maana zaidi ya moja. Moyo kwa maana ya kwanza ni pande la nyama lililo upande wa kushoto wa kifua. Hilo wanalo wanyama, na maiti pia analo. Kulichunguza ni kazi ya waganga. Moyo kwa maana ya pili ni kile kitu laifu kisicho cha mwili ambacho ndicho hakika ya mtu, ndicho chenye kujua, na ndicho kinachosemeshwa na kulaumiwa. Hata jina la utenzi lina asili katika mapokeo hayo, kwani inkishafi ni kufunuka, kuondokewa na pazia.

Jambo hili latosha kuwajibu wale wanaodai kwamba mishipa ya fahamu iliyogunduliwa ndani ya moyo wa nyama ni uthibitisho wa maneno ya masufii. Al-Ghazali mwenyewe aliwakatalia mapema. Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mtu mwingine. Washkansky alipozinduka alikuwa Washkansky yule yule, ingawa hakuishi zaidi ya siku 18. Tukio hilo halikuutikisa moyo wa Al-Inkishafi hata kidogo, maana moyo huo haukuwa kamwe ule wa waganga.

Macho Yanayodanganywa

Mafundisho haya yangebaki elimu kavu kama mshairi asingeyatia katika taswira. Anaulinganisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe. Kisha na kisima kisicho na ukingo, chenye fahali anayempiga pembe kila asogeaye, asiyanywe maji yake katu. Taswira hizo mbili ni za hatari. Zinazofuata ni za namna nyingine, na ndizo zenye thamani kubwa zaidi kwa suala linalojadiliwa. Ulimwengu ni kama vumbi linaloonekana katika mwale wa jua. Mtu akilikaribia na kulikamata hapati kitu. Au ni kama mazigazi yanayometameta jua linapokuwa utosini. Mwenye kiu husema kuna maji, akayakimbilia.

Wahakiki aghalabu huzitaja taswira hizi pamoja na zile za kwanza kana kwamba zote zinasema jambo moja, yaani dunia haifai. Sivyo. Bahari na fahali humdhuru mtu kutoka nje. Vumbi na mazigazi havimdhuru. Anayejidhuru ni yeye kwa namna anavyoona. Hapa mtunzi amehama kutoka katika sifa za ulimwengu na kuingia katika sifa za kuona. Al-Ghazali alikwisha kuipita njia hiyo alipoeleza shaka iliyompata juu ya hisi zake: kivuli huonekana kimesimama, kumbe chatembea, nyota huonekana ndogo kama dinari, kumbe hesabu za wanajimu zasema ni kubwa kuliko dunia. Descartes naye aliianza safari yake ya mwaka 1641 kwa kuzishuku hisi.

Sayansi imeyaeleza mambo haya mawili vizuri. Vumbi huonekana kwa sababu chembechembe zake hutawanya mwanga, jambo ambalo John Tyndall alilichunguza katika karne ya 19. Mazigazi hutokea kwa sababu miale ya mwanga hupinda inapopita katika hewa ya moto iliyo karibu na ardhi. Maelezo hayo ni kweli tupu. Lakini yafaa kuangalia ni nini kimeelezwa na ni nini kimesalia. Kilichoelezwa ni njia ya mwanga hadi jichoni. Mwenye kiu wa Al-Inkishafi hakuona mwanga uliopinda, aliona maji. Na Kiswahili hapa kinashuhudia jambo ambalo lugha nyingine hulificha. Mtu huona maji, na pia huona kiu, huona haya, huona baridi. Husikia sauti, na pia husikia harufu, husikia njaa, husikia uchungu. Vitenzi vya kupokea mambo ya nje ndivyo vinavyopokea mambo ya ndani. Katika beti za mazigazi kiu iliyo ndani imeyazaa maji yaliyo nje, na mtunzi hakuhitaji kueleza zaidi.

Ushahidi wa Mtu Katika Maabara

Kwa kiasi gani sayansi ya ubongo imelifikia jambo hili lililosalia? Mifano miwili yatosha. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauna hisi ya maumivu. Alipougusa kwa umeme mahali fulani, mkono wa mgonjwa ulisogea. Mgonjwa alipoulizwa, alisema kwamba si yeye aliyeusogeza, bali ni daktari. Mkono ni ule ule na mwendo wake huenda ukafanana na ule wa hiari, lakini mwenyewe anajua tofauti.

Mfano wa pili ni wa Benjamin Libet, aliyetangaza mwaka 1983 kwamba dalili za matayarisho katika ubongo huanza takriban theluthi moja ya sekunde kabla ya mtu kusema kwamba ametambua nia ya kutikisa mkono. Wako walioona kwamba hiari imekwisha kuzikwa. Wengine wamejibu kwamba dalili zile huenda si uamuzi, bali ni mawimbi ya kawaida ya ubongo. Mjadala huo haujafungwa. Linalohusu uhakiki ni jambo dogo ambalo pande zote mbili hulichukulia kuwa la kawaida: Libet hakuweza kuipima nia kwa chombo. Ilimbidi amwulize mtu. Mtu alitazama saa, akasema ni wakati gani aliiona nia yake.

Basi hapo ndipo mpaka ulipo. Vyombo hupima ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86, lakini kuunganisha kipimo na kile kinachoonwa ndani kunahitaji kauli ya mwenye kuona. David Chalmers mwaka 1995 aliliita swali la kwa nini utendaji wa ubongo uambatane na hali ya kuona ndani kuwa ndilo tatizo gumu. Mwaka 1998, huko Bremen, mtaalamu wa ubongo Christof Koch aliweka naye dau kwamba katika miaka 25 alama ya wazi ya fahamu katika ubongo ingekuwa imejulikana. Mwezi Juni 2023, mjini New York, Koch alikubali kwamba ameshindwa, akamlipa Chalmers mvinyo. Ushindi huo haukuwa wa dini. Ulionyesha tu kwamba kauli ya shahidi bado haina badali.

Thomas Nagel mwaka 1974 alikuwa amekwisha kuuliza swali lilo hilo kwa mfano wa popo: mtu aweza kujua kila kitu juu ya mwili wa popo, asijue kuwa popo kukoje kwa popo mwenyewe. Popo wamo pia katika Al-Inkishafi, wakining'inia katika nyumba zilizohamwa za Pate. Ni sadfa tupu, na haifai kujengewa hoja. Lakini beti hizo za Pate zina hoja yao wenyewe. Mshairi anauambia moyo kwamba umewaona matajiri wangapi. Anautembeza katika nyumba zilizokuwa ziking'aa kwa taa za kioo na za shaba, hata usiku ukawa kama mchana. Anauonyesha vidaka vilivyopambwa kwa sini za kuteuliwa, ambavyo sasa ni viota vya ndege. Anauonyesha buibui na bundi. Huo si wito wa kuamini. Ni wito wa kutazama. Moyo unafanywa shahidi, na ushahidi wake unahitajika kama ule wa mgonjwa wa Penfield.

Tofauti ni katika kinachotakiwa kwa shahidi. Maabara humtaka shahidi aseme alichokiona na abaki alivyokuwa. Akibadilika kwa sababu ya kuulizwa, jaribio limeharibika. Utenzi humtaka shahidi abadilike. Akitazama magofu ya Pate na kubaki alivyokuwa, utenzi ndio ulioharibika. Kwa sababu hiyo, kusema kwamba Sayyid Abdalla alitangulia saikolojia ya leo ni kumpa sifa asiyoitafuta, na kusema kwamba saikolojia imemfanya kuwa mtu wa kale ni kumhukumu kwa kazi isiyokuwa yake.

Kasoro Mbili

Uhakiki usiopima ni sifa tu. Utenzi huu una mahali pawili panapolegea, na pote panahusu ushahidi.

Kwanza ni beti za kaburi na za moto wa Jahanamu zilizo mwishoni, ambapo majina ya tabaka za moto yanatajwa moja baada ya jingine. Hadi hapo moyo ulikuwa unaonyeshwa, sasa unaambiwa. Msomaji aliyekuwa akitembea katika kumbi za Pate anaketishwa asikilize orodha. Mtetezi wa utenzi atajibu, na jibu lake ni zito. Atakumbusha Sura ya 102 ya Kurani, inayowalaumu wanaoshindana kwa wingi wa mali hata wakafika makaburini, kisha ikasema kwamba moto utaonwa kwa jicho la yakini. Kwa hiyo, atasema, kutoka Pate hadi Jahanamu si kuacha kuona bali ni kupanda daraja la kuona. Kwa itikadi, hoja hiyo imekamilika. Kwa sanaa, haijakamilika, kwa sababu daraja hilo limetajwa tu, halikujengwa. Vumbi la mwale wa jua linamfanya msomaji aone udanganyifu. Majina ya moto yanamfanya akumbuke darasa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, na ni haki ya wahakiki wa uyakinifu kuidai. Katika nyumba zile za Pate walikuwamo wakandaji, wapepeaji na watumbuizaji, waliokuwa wakiwahudumia mabwana mpaka usingizi uwachukue. Utenzi unawaona, lakini unawaona kama unavyoziona sini na taa, yaani katika hesabu ya mapambo. Bwana alipofariki na nyumba kuanguka, mpepeaji alikwenda wapi? Yeye naye alikuwa na moyo, na moyo huo huenda uliona mapema zaidi kuliko wa bwana wake kwamba fahari ile ni mazigazi, kwani hakuwahi kuyanywa maji yake. Utenzi unaojua sana jinsi ya kusema na moyo unasema na moyo wa namna moja tu.

Wanasayansi hawana sababu ya kujivuna hapa. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba majaribio mengi ya saikolojia yamefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, na hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, kisha matokeo yakatangazwa kuwa ni ya binadamu wote. Maabara nayo imekuwa na kumbi zake za Pate, na wapepeaji wake wasioulizwa.

Istilahi na Tamati

Linalofuata kwa wanaoishughulikia lugha ni la vitendo. Katika maandishi ya tiba na saikolojia, neno fahamu limekwisha kubebeshwa mzigo wote. Hutumika kwa hali ya mgonjwa asiyezirai, kwa kujitambua, kwa kuelewa, na kwa ule uono wa ndani ambao Chalmers aliuita mgumu. Neno moja haliwezi kuzibeba maana nne bila kumchanganya mwanafunzi. Mtu aliye usingizini akiota simba hana fahamu kwa maana ya daktari, lakini anaona, na anaogopa. Akifundishwa kwamba fahamu ni fahamu tu, hatalijua hata tatizo lenyewe liko wapi.

Haipendekezwi kwamba moyo urudishwe katika vitabu vya elimu ya ubongo. Neno hilo lina kazi nyingine, na mganga analihitaji kwa pande la nyama. Inapendekezwa kwamba fahamu ibakie kwa hali ya kuwa macho, ambayo ndiyo maana yake kwa watu wote, na kwamba kujitambua na uono wa ndani viwe na istilahi zake mbali, zitakazotafutwa katika vitenzi ambavyo lugha tayari inavitumia kwa mambo hayo, yaani kuona, kusikia, kutambua na kusuta. Al-Inkishafi ni moja ya ghala za kutafutia. Wanaofundisha utenzi huo na wanaounda istilahi mara nyingi hukaa katika idara moja. Kazi ya kwanza ni wasomeane.